Mlango wa Kutokea Ndio Uliokosekana

Mei 1, 2023 ndiyo siku Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi, walipojifunga bao wenyewe, na mimi bado sijawasamehe. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Elon Musk alikuwa ameinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, watu wakamiminika Mastodon, wakafika pa kujisajili na kuulizwa: unataka seva gani? Wengi wakageuza palepale. Kina Eugen Rochko, mwanzilishi wa Mastodon, wakaja na dawa yao. Kwenye programu ya simu wakaweka kitufe kikubwa kinachompeleka mgeni moja kwa moja mastodon.social, seva yao wenyewe, na orodha ya seva nyingine ikashushwa hadi chaguo la pili.

Hoja ilikuwa kwamba mgeni aingie kwanza, akitaka atahama baadaye. Hapo kwenye "atahama" ndipo penye ugonjwa wenyewe. Tangu toleo la 3.0 la 2019 unaweza kuhamisha wafuasi, sawa. Machapisho hayaendi: maneno na picha zako za miaka yote zinabaki ulikotoka. Na hao wafuasi hawahami mpaka seva ya zamani iwe hai na itume taarifa kwamba umehama. Yaani unayemkimbia ndiye wa kukuandikia barua ya ruhusa. Akizima mashine usiku, umekwisha. Waliokuwa kwenye seva ya queer.af wanaijua habari hii: kikoa chao kilikuwa cha Afghanistan, na Februari 2024 utawala wa Taliban ukakisimamisha. Kila anwani iliyoishia na jina hilo ikafa nalo.

Sasa kwa nini mgeni aliogopa kuchagua seva? Hakuyajua haya kwa undani, lakini alinusa kwamba anaoa pasipo talaka. Kuhama kungekuwa kwepesi, nani angehangaika na seva ya kuanzia? Hata kwenye laini za simu, Wakenya tangu 2011 na Watanzania tangu 2017 wanahama kampuni na namba zao mkononi. Tiba ilikuwa kulitenga jina la mtu na seva yake. Wao wakaliacha jina limefungwa kamba ileile, wakafuta swali. Mtandao uliojinadi kuwa hauna kitovu ukawajengea wageni kitovu, tena kwa mkono wa mwenye nyumba.

Mtasema nina kinyongo cha zamani. Ninacho. Tuliokuwa Jabber, mtandao wa kutumiana ujumbe wa seva nyingi, tuliishangilia Google Talk ilipofungua milango kwa seva nyingine 2006, wenzetu wakahamia huko kwa wingi, na ilipokuja Hangouts 2013 milango ikafungwa. Kundi kubwa likishakaa kwa mmoja, huyo mmoja anaamua kwa niaba ya wote. Somo hilo lilikuwa na umri wa miaka kumi tu kitufe kile kilipowekwa!

Na kabla ya Jabber kulikuwa na mabingwa hasa wa kuhama na jina. SMTP, itifaki ya barua pepe aliyoiandika Jon Postel, ni ya 1982. Mwenye kikoa chake leo anabadili kampuni inayomtunzia barua, na anwani yake haitikisiki; rafiki zake hata hawajui. Kwenye Mastodon, ukitaka jina la kikoa chako, uendeshe seva, au umlipe mtu akuendeshee.

Kazi nzuri ipo. ActivityPub, itifaki inayoziunganisha seva za Mastodon, ni imara kiasi cha Meta kuiunganisha na Threads. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, nao waliliona tatizo la jina tangu mwanzo, na akaunti yao inahama na machapisho yake. (Msipige makofi mapema: daftari la utambulisho lenyewe, PLC, walilijenga na kulikalia wao.)

Wanaopenda kunihesabia seva kila ninapoligusa jambo hili wapumzike. Seva mia usizoweza kutoka na mzigo wako ni Twitter ndogo mia, na kati ya Twitter ndogo na X yenyewe (Twitter ya zamani), watu watabaki penye watu.

Novemba 2025 Rochko aliachia kiti cha ukurugenzi mkuu. Mliobaki, nawaomba: kabla ya kitufe kingine chochote, tuwezesheni kuhama na machapisho yetu.