Tongo na Mnara: Kasongo na Kabambare Mbele ya Alama za Taifa

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inataja katika kifungu chake cha kwanza alama zinazolitambulisha taifa: bendera, wito, ngao, wimbo, sarafu, na katika mkondo huohuo inataja lugha. Kifaransa ni lugha rasmi. Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba ni lugha za taifa. Jengo halitajwi hata moja. Tunaanza na jambo hili kwa sababu mazungumzo juu ya alama za taifa hayapigi hatua mbili kabla ya kufika Kinshasa. Utasikia habari za mnara wa Limete, wenye urefu wa mita 210, ulioanzishwa zama za Mobutu; za sanamu ya Lumumba iliyosimamishwa chini yake mwaka 2002; za kaburi alimozikwa tarehe 30 Juni 2022, baada ya Ubelgiji kurudisha jino, ambalo ndilo pekee lililosalia la mwili wake. Hatupingi heshima hiyo. Tunachouliza ni hiki: je, nchi ambayo haikujenga kwa zege wala kwa mawe haina la kulionyesha taifa?

Swali hili linaihusu hasa sehemu ya kusini ya Maniema, yaani Kasongo na Kabambare, nchi iliyokuwa mojawapo ya milango mikubwa ya Kiswahili kuingia Kongo. Njia ya misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipafanya Kasongo makao yake tangu mwaka 1875. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, liliuteka mji huo. Kabambare ukafuata Januari 1894. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, alichapisha kitabu mwaka 1897, na ndani yake anausifu mji ambao yeye na wenzake walikuwa wametoka kuuvunja: maghala yaliyojaa nafaka, mashamba na bustani za matunda, nyumba zenye vitanda na mapambo ambayo askari walioishi kwa taabu njiani hawakutazamia kuyakuta. Sifa za mshindi zina kasoro yake, kwani kadiri mji ulivyokuwa mkubwa ndivyo ushindi nao unavyokua. Hata hivyo ushahidi wake hautupwi.

Leo mahali pa mji huo wa kale, karibu na Kasongo ya sasa, panaitwa Tongoni. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama.

Kiswahili kina msamiati mpana wa mahali palipoachwa, nao haufanani. *Gofu* ni kiunzi cha jengo: kuta zimesimama, paa limeondoka. *Ganjo* ni mahali palipokuwa na mji. *Mahame* ni pale watu walipopahama, na neno lenyewe linabeba kitenzi chake mgongoni. *Tongo* ni kiwanja kilichobaki baada ya makazi, ardhi inayojulikana kuwa palikaliwa. Kusini ya Tanga kuna Tongoni nyingine, ambayo msikiti wake na makaburi yake ya nguzo vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa hiyo pale jina limekutana na magofu, na mgeni akipiga picha hupata kitu cha kuonyesha. Maniema haina matumbawe. Waliojenga Kasongo walijenga kwa udongo, miti na nyasi, na mvua za nchi ile hazimwachii mtu ukuta wa udongo uliokosa paa. Hivyo Tongoni ya Kasongo ni tongo isiyo na gofu. Jina limefanya kazi ambayo kwingine hufanywa na jiwe.

Kuna wanaosema kwamba hata huo udongo wa pembe nne uliletwa na watu wa pwani, na kwamba kabla yao hapakuwa na ujenzi wa kutajwa. Rai hii imekaririwa mno, wala haina msingi. David Livingstone alikaa miezi mingi katika mji alioandika kwa jina la Bambarre, ambao wengi wanautambua kuwa Kabambare, tangu Septemba 1869 hadi mwanzoni mwa 1871, akiuguza vidonda vya miguu. Katika shajara zake anaeleza vijiji vya Wamanyema: nyumba za pembe nne, kuta za udongo uliopigwa vizuri, na njia zilizoelekezwa mashariki na magharibi ili jua likaushe unyevu upesi. Huo ni mpangilio wa miji, tena wenye hoja yake. Aliyekuja na msafara aliwakuta watu wanaojua kujenga. Alichokuja nacho ni soko, bunduki, mpunga, na lugha hii tunayoiandika.

Tugeukie sasa matini ambayo wengi wangependa kuifanya hati ya msingi wa mji huu, yaani *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, iliyochapwa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode, kisha ikatolewa upya Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya Whiteley. Ni nathari ya kasi. Sentensi ni fupi, vitenzi vinafuatana kwa *-ka-*, na msimulizi haketi mahali. Atakayeifungua akitafuta sura ya Kasongo, baraza zake, soko lake, msikiti wake, atatoka mikono mitupu. Boma linatajwa kwa sababu lilishambuliwa, mji kwa sababu kulikuwa na pembe. Pembe zenyewe zinapimwa kwa frasila, kwa uangalifu wa mtu anayejua atakayemdai. Wapagazi huja kwa makundi na kwa idadi, nadra kwa majina.

Wahakiki wameuona ukavu huu kuwa udhaifu wa sanaa. Sisi tunauona kuwa ni itikadi. Mfanyabiashara wa pembe hakuhitaji kuueleza mji, kwa kuwa mji kwake ulikuwa kituo cha hesabu. Na tazama alivyoupata utawala wa Utetera. Hakujenga ngome: alisimulia nasaba. Alidai kuwa bibi yake alikuwa dada wa mtawala Kasongo Rushie, aliyechukuliwa mateka zamani, na kwa maneno hayo akapokelewa kama mwana aliyerudi nyumbani. Katika kitabu kizima hakuna jengo lililo imara kama hadithi hiyo. Ni ajabu kwamba watu wanaotaka kumjengea kumbukumbu wanatafuta misingi ya nyumba yake, ilhali mwenyewe amekwisha kutuonyesha alijenga kwa kitu gani.

Wabelgiji, kwa upande wao, walijenga kwa mawe. Ila hawakujengea Kasongo. Lippens, mwakilishi wa Dola Huru, na sajini De Bruyne waliuawa mjini Kasongo mwishoni mwa 1892. Mnara wao ulisimamishwa mwaka 1900 huko Blankenberge, ufukoni mwa bahari ya Ubelgiji. Mwaka 1921 katika bustani ya Cinquantenaire mjini Bruxelles likawekwa sanamu kubwa la waasisi wa Kongo, kazi ya Thomas Vinçotte, na maandishi yake yanasifu ushujaa wa jeshi lililomwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Katika bustani hiyohiyo, hatua chache tu kutoka hapo, umesimama Msikiti Mkuu wa mji ule. Neno "Mwarabu" likafutwa katika jiwe, likarudishwa, likafutwa tena. Mgogoro wa Kasongo unaendelea kupiganwa kwa patasi, maelfu ya kilomita kutoka Lualaba, baina ya watu wasiojua Tongoni iko wapi.

Neno hilo lililofutwa ndilo linalotuhusu kuliko yote. Waliouawa, waliokimbia na waliobaki Kasongo mwaka 1893, wengi wao hawakuwa Waarabu. Walikuwa Wakusu, Wasonge, Wazimba, Wabangubangu na wengineo wa nchi ileile. Baadhi walitekwa wakiwa watoto, baadhi walijiunga, baadhi walikuwa yote mawili kwa nyakati tofauti. Walijiita *waungwana*. Pwani, mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru. Maniema jina hilo lilichukuliwa na watu ambao wengi wao waliingia katika mji huo kwa kamba, na hatimaye likaipa lugha yenyewe jina la Kingwana. Hatujui neno lingine la Kiswahili lililopanda daraja namna hii kwa midomo ya wale lililowatenga. Anayepaita Tongoni "mji wa Waarabu", iwe kwa chuki au kwa sifa, anawafukuza watu hawa mara ya pili katika mji walioujenga kwa mikono yao, na kuwafanya wajukuu wao wageni katika jimbo lao. Katika mashariki ya Kongo, kumwita mtu mgeni si mchezo wa maneno.

Inafaa kukumbuka kwamba jengo lenye jina la nchi hii lipo, nalo linasimama imara; ila liko Dar es Salaam. Ni Msikiti wa Manyema, Kariakoo, ukumbusho wa wale waliokwenda mashariki na misafara, kama wapagazi, watumwa au askari, wakawa watu wa Ujiji, wa Tabora na wa Dar es Salaam. Watoto wao ni Watanzania, na jina la Manyema halikuwazuia kuwa hivyo.

Je, nini kifanyike Tongoni? Maeneo 5 ya Kongo yaliyoandikwa katika urithi wa dunia kati ya mwaka 1979 na 1996 yote ni ya maumbile: misitu, volkano, wanyama. Mgeni anayeisoma orodha hiyo angedhani kwamba nchi hii ina sokwe na okapi, haina watu. Watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji wamefanya uchunguzi wa mabaki na kukusanya masimulizi ya wazee Maniema, na taarifa yao ilitoka katika jarida la *Antiquity* mwaka 2020. Hiyo ndiyo njia: kusikiliza kwanza, kujenga baadaye, na pengine kutojenga kabisa. Wazo la kusimamisha "ikulu ya Tippu Tip" kwa saruji na mabati, ili watalii wapate cha kutazama, tunalikataa. Litakuwa gofu la uongo juu ya tongo la kweli, na litampa nyumba yule mmoja ambaye jina lake halina hatari ya kusahauliwa.

Kibao kingetosha, lakini hata kibao kina sarufi yake, na hapa hata neno tulilolisifu linahitaji kusahihishwa. *Tongo* na *mahame* hazitaji mtendaji. Watu walihama, ardhi ikabaki, basi. Mji huu haukuhamwa kwa hiari. Ulitekwa, kwa tarehe inayojulikana na kwa jeshi linalojulikana, ambalo askari wake wengi nao walikuwa Waafrika. Na kabla ya hapo ulijaa watu ambao nao walitekwa, kwa tarehe ambazo hakuna aliyeziandika. Kitenzi ni kimoja, *-tekwa*, nacho kingestahili kuonekana mara mbili katika maandishi hayo, kwanza kwa watu, kisha kwa mji. Maandishi yawe kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili cha Maniema kama wenyeji wa Kasongo na Kabambare watakavyokubaliana. Kifaransa kifuate chini yake, kwa herufi ndogo.