Kogo na Kikapu Chake

Pongezi hizi ni za akina kogo, nyanya zetu wa Kericho na Bomet, waliotulea kwa majani chai na maombi. Umande ukiwa bado mzito, kogo wangu alikuwa shambani, karatasi ya plastiki kiunoni, akichuma majani mawili na kichipukizi chake hadi kiganja kijae, kisha akarusha begani, kikapuni. Utomvu ulitia vidole weusi usiotoka kwa sabuni. Vidole hivyohivyo vilifungua Biblia ya Kikalenjin kila Jumapili.

KTDA, shirika la kustawisha chai nchini Kenya, iliundwa 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo kama yeye. Bonasi yake ya chai ilipoingia, alitenga fungu la kumi kwanza, hata kabla ya leso mpya, kisha akaniita: “Mjukuu wangu, karo imebaki ngapi?”