Mlinzi Nyuma ya Mlango: Uhakiki wa Uelekezaji wa Maombi ya HTTP katika Kiunzi cha Flask

Utangulizi

Flask ni kiunzi cha kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Python. Kilitolewa na Armin Ronacher mwaka 2010, miaka mitano baada ya Django kutolewa hadharani, na kimejengwa juu ya maktaba ya Werkzeug. Sifa inayotajwa zaidi kuhusu kiunzi hiki ni wepesi wa kufungamanisha anwani na funksheni. Mstari mmoja unaoanza kwa @app.route huandikwa juu ya funksheni, na tangu hapo kila ombi linalofika katika anwani hiyo hupelekwa kwa funksheni hiyo. Hoja kuu ya uhakiki huu ni kwamba wepesi huo una gharama isiyoonekana katika mstari wenyewe. Mstari huo husomeka kama tamko, ilhali ni tendo. Kwa kuwa ni tendo, mfuatano wa utekelezaji wake ndio unaoamua kama taarifa za mtumiaji zitalindwa au zitabaki wazi.

Safari ya ombi

Ombi la HTTP hufika likiwa na mambo mawili ya msingi kwa uelekezaji: kitenzi, kama vile GET au POST, na anwani. Seva hulikabidhi ombi kwa programu kwa kufuata WSGI, makubaliano yaliyowekwa katika waraka wa PEP 333 mwaka 2003 na kuhuishwa katika PEP 3333 mwaka 2010. Flask hulinganisha anwani na kanuni zilizosajiliwa. Isipopatikana kanuni inayolingana, jibu huwa 404. Anwani ikilingana lakini kitenzi kikawa hakiruhusiwi, jibu huwa 405. Vyote vikilingana, hutekelezwa kwanza funksheni zilizosajiliwa kwa before_request, kisha huitwa funksheni lengwa, na kile inachorudisha hugeuzwa kuwa jibu.

Katika hatua hii kiunzi kinastahili sifa. Chukulia mfumo wa chuo wenye kanuni /matokeo/<int:namba>. Ombi lenye herufi mahali pa namba hukataliwa kwa 404 kabla funksheni haijaguswa. Vilevile, kanuni isiyotaja vitenzi hukubali GET pamoja na HEAD na OPTIONS, lakini haikubali POST mpaka mtunzi aseme hivyo. Katika mambo haya mawili, Flask hufunga kwanza na kufungua kwa ruhusa. Msimamo huo ndio kipimo kinachotumika katika uhakiki huu: je, kiunzi kinaushikilia msimamo huohuo kinapofikia swali la nani aruhusiwe kuingia?

Tamko linaloficha tendo

Dekoreta ziliingizwa katika Python kwa toleo la 2.4 mwaka 2004. Kanuni yake ni kwamba dekoreta iliyo karibu zaidi na funksheni hutekelezwa kwanza, na zilizo juu yake hufuata kwa zamu. Dekoreta nyingi hupokea funksheni na kurudisha funksheni nyingine iliyoifunika ile ya awali. Dekoreta ya @app.route haifanyi hivyo. Huiandika funksheni iliyoipokea katika daftari la njia, kisha huirudisha bila kuibadilisha. Tofauti hii ndiyo chimbuko la tatizo linalojadiliwa hapa.

Tazama vipande viwili vifuatavyo, ambapo @ingia_kwanza ni dekoreta inayomzuia mtu ambaye hajaingia kwa nywila:

@app.route("/matokeo/<int:namba>")
@ingia_kwanza
def matokeo(namba): ...

@ingia_kwanza
@app.route("/matokeo/<int:namba>")
def matokeo(namba): ...

Katika kipande cha kwanza, mlinzi huifunika funksheni kwanza, kisha funksheni iliyokwisha kulindwa ndiyo husajiliwa. Katika kipande cha pili, funksheni husajiliwa ikiwa tupu, na mlinzi huja baadaye kuifunika nakala ambayo daftari la njia halina habari nayo. Ombi likifika, Flask huita ile iliyosajiliwa. Mlinzi yupo katika msimbo na kila msomaji anamwona, lakini amesimama nyuma ya mlango ambao wageni hawaupiti. Matokeo ya mwanafunzi yeyote husomwa na yeyote anayeweza kubadili namba katika anwani.

Uzito wa kasoro hii unatokana na ukimya wake. Programu huanza bila onyo. Mtumiaji aliyeingia kihalali huona ukurasa wake kama kawaida. Hata jaribio linaloita funksheni kwa jina lake moja kwa moja linaweza kupotosha, kwa sababu jina hilo sasa linaelekeza kwenye nakala iliyofunikwa. Jaribio litamkuta mlinzi na kuhitimisha kwamba kila kitu ni salama. Jaribio pekee linaloifichua kasoro ni lile linalotuma ombi kupitia anwani, bila nywila, na kutarajia kukataliwa.

Kelele na ukimya

Ukimya huo unadhihirika zaidi ukilinganishwa na kosa jingine la jirani. Ikiwa dekoreta ya ulinzi haihifadhi jina la funksheni iliyoifunika, funksheni mbili zilizolindwa zitasajiliwa kwa jina moja. Hapo Flask husimamisha programu na kutoa AssertionError, ikieleza kwamba funksheni moja inataka kuchukua nafasi ya nyingine. Kwa hiyo kiunzi hupaza sauti majina yanapogongana, jambo linaloathiri utaratibu wa ndani, lakini hunyamaza ulinzi unapopotea, jambo linalomwathiri mtu wa nje ambaye hakuandika hata mstari mmoja.

Wanaoitetea Flask wanaweza kujibu kwamba nyaraka zake zinaeleza wazi kuwa dekoreta ya njia lazima iwe ya juu kabisa. Maelezo hayo yapo, na ni sahihi. Hata hivyo, kanuni ambayo kuvunjwa kwake hakuleti dalili yoyote haiwezi kutegemea kumbukumbu ya mtunzi pekee. Utetezi wa pili ni kwamba amri ya flask routes huorodhesha njia zote za programu. Orodha hiyo ni msaada kwa msomaji anayetafuta ramani, lakini huonyesha jina la lengo, vitenzi na kanuni ya anwani. Haionyeshi ni mlango upi una mlinzi na upi hauna.

Haitoshi pia kudai kwamba Django imelitatua tatizo kwa sababu tu huziweka njia zake katika moduli ya pekee, urls.py. Mpangilio huo huondoa mgongano uliojadiliwa hapa, kwani njia huelekezwa kwenye funksheni baada ya dekoreta zake zote kutekelezwa. Lakini mtunzi aliyesahau kabisa kuweka dekoreta ya ulinzi bado huacha mlango wazi. Hatua ya maana zaidi ni ile ya toleo la Django 5.1 la mwaka 2024, lililoleta LoginRequiredMiddleware. Ikiwashwa, kila funksheni hudai mtumiaji awe ameingia, isipokuwa ile iliyotangazwa kuwa ya wazi. Hivyo anayesahau hufunga mlango badala ya kuufungua, na aliyefungiwa atalalamika mapema.

Flask ina nyenzo ya kufikia lengo hilohilo. Funksheni ya before_request hutekelezwa baada ya njia kutambuliwa na kabla ya funksheni lengwa kuitwa. Ikirudisha jibu, ombi huishia hapo. Mtunzi anaweza kuitumia kukagua kila ombi na kuruhusu bila nywila kurasa chache tu zilizotajwa waziwazi, kama ukurasa wa kuingilia na mafaili tuli. Mpangilio wa dekoreta juu ya kila funksheni hautakuwa tena na uwezo wa kuuondoa ulinzi huo.

Hitimisho

Uhakiki huu haukatai uzuri wa kuiona anwani ikiwa juu ya funksheni yake. Uzuri huo humsaidia anayeandika ukurasa mmoja. Kinachokataliwa ni kuubebesha mstari uleule kazi ya ulinzi, ambayo si ya ukurasa mmoja bali ya mfumo mzima. Flask ilijibu sawasawa swali la vitenzi na swali la aina ya data kwa kufunga kwanza. Swali la ruhusa imelikabidhi kwa mtunzi bila kumpa ishara anapokosea. Kwa mifumo inayohifadhi matokeo ya masomo, taarifa za wagonjwa au miamala ya fedha, ukaguzi wa ruhusa unastahili kuwekwa langoni, na kila mlango unaoachwa wazi uwe umeandikwa kwa jina.