Masimulizi ya Redio ya Kale Usukumani

Katika nyumba za Shinyanga na Geita husikika masimulizi ya namna moja ambayo wahakiki hawajayatazama sana, ingawa yana kanuni zake kama ngano. Ni masimulizi ya redio ya kale ya baba: sanduku la mbao lenye taa za kioo ndani, lililowekwa mezani na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Msimuliaji aghalabu huanza na kungoja. Redio ile haikusema papo hapo. Ilifunguliwa, taa zikapata moto polepole, vumbi likanuka, kisha sauti ikaja. Hufuata mvumo na mluzi, baba akitafuta stesheni kwa ncha za vidole, na amri kwamba mtu asikohoe. Mwisho hutolewa hukumu: siku zile jamaa walikuwa wamoja.

Katika maelezo ya chombo chenyewe masimulizi haya ni ya kuaminika. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, ukaenea nchini katika miaka iliyofuata. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza London mwaka 1957. Kutoka Dar es Salaam mpaka Shinyanga ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyoka. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda angani, yakarudishwa chini na tabaka la juu lenye chembe za umeme; na kwa kuwa tabaka hilo hubadilika kwa jua na kwa usiku, sauti hufifia ikarudi. Kupanda na kushuka kule, basi, si pambo la msimuliaji. Wala kimya cha watoto si pambo. Penye umeme, kama katika makazi ya mgodi wa almasi wa Mwadui, mambo yalikuwa mepesi. Vijijini redio ilikula betri kavu, na taa zile zilikuwa na ulafi. Ilimlazimu baba kuchagua saa ya kusikiliza.

Kasoro imo katika hukumu. Walikuwa wamoja akina nani? Lugha ya nyumbani ilikuwa Kisukuma, nayo Dar es Salaam na London zilisema Kiswahili. Mtu aliyefanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Geita pamoja na watu wa makabila mengine alielewa. Bibi ambaye hakupata kutoka kijijini alielewa nusu, au hakuelewa kabisa. Habari zilipokwisha alitakiwa mtu wa kuzigeuza, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtoto wa shule. Hapa ndipo penye kisa hasa, na hapa ndipo msimuliaji hupita mbio: mtoto wa darasa la nne ana neno ambalo wazee wanalingoja, na akiongeza au akipunguza, hakuna wa kumsahihisha.

Ni ajabu, maana mtoto huyo mara nyingi ndiye msimuliaji mwenyewe. Hukumbuka vidole vya baba, asikumbuke kinywa chake. Pengine ni kwa sababu kumkumbuka mfasiri ni kumkumbuka pia bibi aliyeuliza, “Wamesema nini?” akaambiwa angoje.

Husahauliwa pia shikome, moto wa jioni ambapo wazee wa Kisukuma walikaa na vijana wakawasimulia na kuwaonya. Redio haikuleta mkusanyiko; iliukuta, ikaugeuzia masikio upande mwingine. Lakini kusema kwamba ndiyo iliyouzima moto huo ni kutia chumvi, kwani shule na migodi vilikwisha kuwaondoa vijana wengi.

Waliotunga kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 walilijua jambo ambalo masimulizi haya hayalijui. Kila kikundi cha wasikilizaji walikipa kiongozi wa kusoma kitabu, kueleza na kuongoza mazungumzo. Hawakuiachia redio kazi yote.

Masanduku yale yaliyobaki ni mabubu sasa, na msimuliaji huuiga mluzi kwa mdomo ili wajukuu wacheke. Wengi wao Kiswahili ndicho wanachokisema nyumbani. Wanaohitaji kufasiriwa siku hizi ni wao, pale bibi anapoanza kusema Kisukuma.