Cheti cha Uhuru na Kipande: Kukisoma Upya Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, makala haya yanakualika ukisome kitabu ambacho hukitarajii mtihanini, ili uvielewe vyema vile unavyovitarajia.

Utangulizi

Ukitoka kisiwani Mombasa ukavuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni, utafika mahali panapoitwa Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875. Makazi hayo ndiyo chimbuko la Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela kilichochapishwa mwaka 1934, ambacho wahakiki wengi hukitaja miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ndefu zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika.

Kitabu hiki kinatuuliza swali zito: mtu aliyepewa uhuru na mwenye mamlaka ana uhuru gani pale mamlaka hayo yanapomdai wajibu wa lazima? Rai yangu ni kwamba lazima peke yake si utumwa. Lazima hugeuka utumwa pale anayeibeba anapokuwa hana sauti katika kuitunga, wala hapati haki yoyote kwa kuitimiza. Rai hii ndiyo nitakayoitetea.

Masimulizi yanavyojengwa

Msuko wa Uhuru wa Watumwa ni sahili. Watu wanatekwa bara, wanasafirishwa hadi pwani, wanapakiwa majahazini, wanaokolewa na manowari za Waingereza, kisha wanafikishwa Frere Town wanakopata makao, elimu na dini mpya. Mwandishi hakuwa akisimulia habari za mbali, kwani babake mwenyewe alikuwa mmoja wa waliookolewa. Mtoto wa mtu kama huyo ana kila sababu ya kushukuru, na msomaji asiharakishe kumlaumu.

Hata hivyo, tazama usawiri wa wahusika. Watumwa hawa hutendewa kuliko wanavyotenda. Wanatekwa, wanauzwa, wanaokolewa, wanapelekwa, wanafunzwa. Mtendaji mkuu ni Mwingereza. Kwa hiyo, uhuru unajitokeza kama zawadi, na anayepewa zawadi hutarajiwa kushukuru na kutii. Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki wetu.

Historia iliyo nje ya jalada

Uhakiki mzuri hulinganisha kazi na mazingira yaliyoizaa. Mapema miaka ya 1880, msimamizi wa Frere Town aliyeitwa Streeter alishutumiwa kwa kuwachapa viboko na kuwafungia watu wale wale walioitwa huru. Shutuma hizo zilichunguzwa, na mwaka 1882 CMS ikamrejesha W. S. Price, mwanzilishi wa makazi hayo.

Kisha angalia suala la vyeti. Watumwa wengi waliokuwa wamewatoroka mabwana zao walikuwa wamepewa hifadhi Rabai na katika vituo vingine vya wamishenari. George Mackenzie, wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliwalipa mabwana hao fidia, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watoro 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Watu hawa walikuwa wamejikomboa kwa miguu yao wenyewe, lakini uhuru wao haukutambuliwa hadi ulipolipiwa na kuandikwa.

Baada ya cheti ikaja dola. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1901. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya 1915 iliwezesha Waafrika kuchukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu yao wakafa. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimu umri wa miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi zake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Asiyekuwa nacho aliadhibiwa, na aliyeiacha kazi bila idhini ya mwajiri aliweza kusakwa kwa hicho hicho kipande.

Kitabu cha Mbotela kilipochapishwa mwaka 1934, kipande kilikuwa bado kinatumika. Hiki ni kinaya ambacho mwalimu hana budi kuwaonyesha wanafunzi wake: baba alipata uhuru kutoka kwa Waingereza, na kizazi cha wanawe kikatakiwa na dola ya Waingereza hao hao kibebe kipande.

Pingamizi na jibu lake

Huenda ukauliza: si dhuluma kumpima mwandishi wa 1934 kwa kipimo cha leo? Pingamizi hili lina uzito, lakini swali letu halikuzaliwa leo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama kukataa kodi na kazi za lazima. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi kwa sababu ya harakati zake dhidi ya kipande na kodi. Swali lilikuwa hai zama za Mbotela. Yeye alichagua kuusimulia uhuru kwa upande wa shukrani, na uchaguzi wa msanii ni jambo linalohakikiwa.

Je, kila lazima ni dhuluma?

Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea. Wao huandika kwamba serikali ni mbaya na raia ni mwema, kisha wakafunga jibu. Tafakari kuhusu kitambulisho cha taifa. Sheria ya Kenya inamtaka kila raia aliyetimu miaka 18 ajiandikishe. Hiyo ni lazima, tena ina alama za vidole kama kipande. Lakini vijana wa jamii kadhaa za Pwani walilalamika kwa miaka mingi kwa kuzungushwa na kupigwa msasa wa ziada walipokiomba. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale walianza safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai watambuliwe kuwa raia, na baadaye wakapewa vitambulisho.

Kwa nini babu alikichukia kipande na mjukuu akakitembelea kitambulisho? Kwa sababu kipande kilimfunga mtu kwa mwajiri bila kumpa kura wala sauti. Kitambulisho humfungulia mwenyewe mlango wa kura, wa kazi na wa benki. Kitu kimoja kinaweza kuwa pingu au ufunguo, kutegemea haki inayoandamana nacho. Kwa kipimo hicho hicho, kumnyima raia kitambulisho huku ukimtaka atimize wajibu wake wote ni kumrudisha kwenye enzi za kipande.

Kipimo hiki katika kazi nyingine

Katika Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anaonyesha wananchi wakilazimishwa na Wajerumani kulima pamba chini ya mnyapara. Lazima hiyo haina haki yoyote ndani yake, kwa hivyo upinzani unahalalika. Lakini mwandishi haishii hapo. Neno la maji linapoenea, Kinjeketile mwenyewe anabanwa na matarajio ya watu wake na vita vinaanza kinyume cha ushauri wake. Hata harakati za uhuru huzaa lazima zake, na hizo nazo zipimwe.

Abdilatif Abdalla, mzawa wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika kijikaratasi cha kuihoji serikali. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Yeye hakukataa kodi wala kujiandikisha. Alichodai ni ile sauti ambayo bila yake wajibu hugeuka pingu. Ukikiweka kitabu chake kando ya kile cha Mbotela, utaona safari ya fasihi ya Pwani kutoka uhuru unaoshukuriwa hadi uhuru unaodaiwa.

Ushauri kwa mwalimu na mtahiniwa

Unapokutana na swali kuhusu uhuru, utumwa au utawala, jiulize mambo matatu. Kwanza, ni nani aliyeiweka lazima hii? Pili, anayeibeba alishirikishwa vipi? Tatu, anapata haki gani akiitimiza? Toa mfano kutoka kitabuni kwa kila hoja, kisha onyesha mbinu ya kisanaa iliyotumika, kama vile kinaya au usawiri wa wahusika. Hoja bila mfano haina mashiko.

Nawe mwalimu wa Likoni, Kisauni au Changamwe, una utajiri mlangoni. Katika kipindi cha utafiti nyanjani, watume wanafunzi kwa wazee wakakusanye masimulizi ya enzi za kipande waliyosimuliwa na wazazi wao. Wakisharudi, wape swali hili: "Uhuru katika Uhuru wa Watumwa ni zawadi wala si haki. Jadili."

Atakayelijibu vyema hatampuuza Mbotela, wala hatakubaliana naye kwa kila jambo. Atamshukuru kwa kutuhifadhia kumbukumbu ya watu wa Frere Town, kisha atauliza juu ya kile walichotakiwa kukibeba baada ya kuwekwa huru.