Ile chupa ya alizeti

Twende moja kwa moja dakika ya 14 ya kile kipindi cha televisheni cha kutengeneza sabuni, maana najua ndiyo iliyowafanya mnipigie simu wote. Mtaalamu wa kipindi hicho cha Jumamosi keshapima mafuta yake: nazi gramu 500, mawese gramu 500. Kostiki soda gramu 154 imeshayeyuka kwenye maji na inapoa pembeni. Mtangazaji anauliza swali la kiutu uzima kabisa: je, mtazamaji aliyekosa mafuta ya nazi afanyeje? Jibu: "Atumie alizeti. Mafuta ni mafuta."

Angenyamaza hapo tungesema ulimi hauna mfupa, tukaendelea na mambo mengine. Lakini bwana yule alitaka kuthibitisha. Alisukuma pembeni bakuli la nazi alilokwisha kulipima, akafungua chupa ya alizeti, akaweka gramu 500 kwenye mizani ya dijitali kwa umakini wa mtu anayepima dhahabu, akamimina juu ya mawese. Kisha akachukua ile ile kostiki, gramu zile zile 154, akaimwaga yote. Hakupunguza hata punje. Sabuni iliharibika pale. Maua yaliyonyunyizwa juu, ile rangi ya manjano, ule mfuko wa makuti wa kufungia, yote yalikuwa pambo la maiti.

Miwani alivaa, glavu alivaa, kostiki aliitia kwenye maji na si maji kwenye kostiki, sufuria ilikuwa ya stenlesi na si ya alumini. Hongera zake.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyorukwa. Gramu 1 ya mafuta ya nazi inahitaji kama gramu 0.183 za kostiki ili igeuke sabuni yote. Mawese ni kama 0.142. Alizeti ni kama 0.134. Kwa fomula aliyoanza nayo, nazi ilidai gramu 91 na nusu, mawese 71, jumla kama 162. Mtengenezaji mwenye akili hutoa asilimia 5 ili yabaki mafuta kidogo ambayo hayakuguswa, ngozi ipate nafuu. Ndipo inapatikana ile 154. Nambari hiyo ilikuwa safi kabisa. Aliyeiandika anajua kazi, na nina shaka kama ndiye aliyekuwa mbele ya kamera.

Weka alizeti mahali pa nazi, jumla inashuka hadi gramu 138. Ukitoa ile asilimia 5 unabaki na 131. Yeye aliweka 154. Maana yake, mafuta yote yakishakula shibe yao, zinabaki gramu 16 za kostiki zisizo na mwenzi, zimekaa ndani ya mche zikingoja ngozi ya mtu. Akaongeza kwamba sabuni hiyo inamfaa hata mtoto mchanga. Nilirudisha video nyuma nikidhani nimesikia vibaya.

Kwa nini nazi inadai kostiki nyingi hivyo? Kwa sababu minyororo ya asidi zake ni mifupi. Iliyo mingi humo ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, ilhali alizeti imejaa asidi za kaboni 18. Katika uzito ule ule, nazi ina molekuli nyingi zaidi, na kila asidi inataka sodiamu yake. Jaza daladala watoto wa shule, kisha lijaze watu wazima wenye uzito ule ule kwa jumla: vichwa havilingani, na kostiki hulipwa kwa kichwa, hailipwi kwa kilo. Ndiyo maana mizani yake nzuri haikumsaidia kitu. Alipima kwa usahihi jibu la swali jingine.

Na ushahidi mliuona wenyewe, ila ulipita haraka. Tazameni tena dakika ya 19. Mchanganyiko wa alizeti huchelewa kushika. Nazi ingekwisha kuwa uji siku nyingi. Yeye anazungusha ile blenda ya mkono, anabadilisha mkono, anatabasamu, anazungusha tena, huku mtangazaji akijaza muda kwa habari za bibi yake. (Blenda hizi nimezisema mara ngapi? Zinaweza kutia mapovu ya hewa na kumdanganya mtu kwamba mafuta yameshikana na kostiki wakati yamechanganyika juu juu tu. Mwiko wa mbao na subira vilitosha.) Halafu kamera inakata. Inaporudi, kuna mche "tuliouandaa mapema", mweupe pe, umekatwa kingo nne.

Mweupe! Mawese yale yalikuwa mabichi, mekundu, tuliyaona yakiacha alama kwenye bakuli. Nusu ya mafuta ikiwa mawese ya namna hiyo, sabuni inatoka ya rangi ya chungwa, na rangi hiyo haifi kwa siku mbili. Ule mche haukutoka kwenye sufuria ile. Ile ya sufuriani hatukuonyeshwa, na nadhani najua sababu: mche uliozidi kostiki hutoa jasho, ukiukata unakuta vishimo vyenye majimaji, na majimaji hayo si maji. Msichanganye jambo hili na ule unga mweupe unaojitokeza juu ya sabuni nzuri tu. Huo ni kostiki ya juu juu iliyokutana na hewa ikawa kabonati, unafutika kwa kitambaa.

Nikiwa hapo hapo, ile chupa ya siki iliyowekwa mezani "ikitokea ajali" iondolewe. Kostiki ikimwagikia ngozi ni maji, maji mengi yanayotiririka, na kwa muda mrefu. Mtu haanzi kutafuta siki mkono ukiwa unaungua. Watu hawa hawa ndio wanaochanganya siki na soda ya kuokea kusafishia sinki, vitu viwili vinavyouana, kisha wanafurahia povu.

Lile dai la sabuni "haina kemikali" nalo naona limerudi, na safari hii limetamkwa na mtu mwenye glavu hadi kiwiko. Basi.

Watetezi wake wameniandikia kwamba wazee walitumia mafuta yoyote waliyoyapata na hawakuwa na mizani. Kweli, na sabuni yao ilikuwa salama zaidi ya hii. Wazee walichemsha. Walipika mafuta na magadi au maji ya majivu kwa saa nyingi. Wale wa kostiki waliokuja baadaye walimalizia kwa kutia chumvi: sabuni ikajitenga ikaelea, na chini yakabaki maji yaliyobeba chumvi, gliserini na kostiki yote iliyozidi. Ukikosea kipimo, chumvi ilikufichia aibu. Njia ya baridi aliyoitumia bwana huyu haina mlango huo wa nyuma. Kinachoingia sufuriani ndicho kinachobaki ndani ya mche, na wiki 4 hadi 6 za kukomaa zinapunguza maji tu. Gramu 16 haziozi.

Walimu walioninoa mimi, wa mafunzo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, enzi zile, wasingemwacha mtu amwage kostiki kabla ya kuulizwa mafuta gani yamo sufuriani. Nao hawakuishia kwenye mizani. Walikuwa na haidromita. Kilo 1 ya kostiki kwa lita 3 za maji ni asilimia 25, na ikishapoa haidromita inatakiwa isome karibu na 1.27, ikisoma chini ya hapo, kostiki yako ililala mfuko wazi ikanywa unyevu wa Dar es Salaam, na kilo uliyolipia si kilo. Kifaa cha kioo kisichotumia betri kiliwasaidia kuliko vyote vilivyojazwa kwenye meza ile. Na nyuma yao alikuwepo Chevreul, yule mkemia Mfaransa aliyeishi miaka 102, ambaye kitabu chake cha 1823 kilishaonyesha kwamba mafuta hujengwa kwa asidi mbalimbali na gliserini, na kwamba kila aina ina mchanganyiko wake. Zaidi ya miaka 200 baadaye tunaambiwa mafuta ni mafuta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba swali la mtangazaji lilikuwa na jibu zuri, tena la hapa hapa nyumbani. Aliyekosa nazi achukue mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, ambayo Kigoma hayakosi. Nayo yamejaa lauriki, yanatoa povu na ugumu ule ule, na yanadai kama 0.176. Gramu 500 za mise badala ya nazi zinaishusha jumla hadi 159 tu. Ukiweka ile ile 154 bado unabaki na kama asilimia 3 ya mafuta huru. Sabuni inatoka salama bila kugusa kalamu. Sentensi moja tu ingetosha, na wanawake wa Ujiji wangeweza kumpa bure.

Kwa mliokwisha kuifuata video hatua kwa hatua, msiitupe sabuni yenu. Lowesha kidole, pitisha kwenye mche, gusa ncha ya ulimi kidogo mno kisha tema. Ukipata mshtuko mkali, kostiki ipo. Vaa glavu, paruza sabuni yote kwa kiparuzio cha chuma, iweke kwenye sufuria ya stenlesi na maji kidogo, moto mdogo, funika. Ikilainika ongeza alizeti gramu 180 kwa fungu zima la kilo moja la mafuta, au nazi gramu 130, koroga hadi mafuta yasionekane tena yakielea, endelea kupika kama saa moja, kisha jaribu tena ulimi. Ikinyamaza, shindilia kwenye kisanduku. Haitakuwa na uso mzuri, na ya alizeti itabaki laini. Kama hamna nguvu ya kupika upya, basi iwe ya kudekia sakafu, na mshikaji awe na glavu. Mtoto asiogeshwe nayo, hata kama televisheni ilisema.