Uteuzi wa Diski za Breki kwa Motakaa Nzito za Migori na Homa Bay

Barabara kuu itokayo Isebania mpakani, ikapita Migori, Awendo na Rongo na kupanda hadi Kisii, huzitaabisha breki kwa namna ambayo mgeni hawezi kuitambua kwa kutazama ramani peke yake: kila penye soko pana matuta, majira ya kuvuna miwa matrekta ya kiwanda cha sukari cha Sony huko Awendo hukokota matela yao polepole katikati ya njia, na mwenye Toyota Mark X au Crown, ambaye nafsi yake hufurahia nguvu za mashine ya silinda 6, hukimbia baina ya tuta na tuta, akafunga breki kwa ghafla, akakimbia tena, hata diski zake zikashikwa na harara bila ya kupata wasaa wa kupoa. Ndipo usukani unapoanza kutetemeka, pedali ikazama, na mwenye gari akaazimia kununua diski bora kuliko zile alizozikuta.

Azma hiyo ni njema, ila aghalabu hutekelezwa kwa macho. Mnunuzi huvutiwa na diski zilizotobolewa matundu, zilizochorwa mifuo na kupakwa rangi inayong'aa, naye akadhani kwamba kinachopendeza nyuma ya rimu ndicho kitakachomsimamisha. Rai yangu ni kuwa sifa za diski ni tatu, nazo ni chuma chake, uzani wake na unyofu wake. Yaliyosalia yote ni pambo au ni msaada mdogo, na pambo lingine ni hasara.

Tuanze na uzani, maana huo ndio msingi. Mark X tupu ina takriban tani moja na nusu. Ikipakia watu na mizigo kidogo ikafika kilo 1,600, kisha ikienda kasi ya kilomita 100 kwa saa, hubeba nishati ya kilojuli 600 na zaidi, na gari likisimamishwa nishati hiyo haitoweki bali hugeuka joto, ambalo kama sehemu 7 katika 10 huangukia magurudumu ya mbele. Diski moja ya mbele yenye kilo 8 hupanda joto kiasi cha digrii 55 kwa kusimama mara moja tu. Mteremko wenye kimo cha mita 300, ukishukwa kwa breki pasipo kusaidiwa na gia, humwaga katika diski joto la kusimama kama mara 7 kutoka kasi ile ile. Basi diski ya kilo 7, ijapokuwa kwa sura ni pacha wa ile ya kilo 8, hupata moto zaidi kwa sehemu moja ya saba kila inapofanya kazi ile ile, na mtengenezaji anayeiba chuma huiba katika mbavu za ndani na katika unene wa nyuso, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Kwa hiyo chukua diski ya asili iliyo nzima na hiyo mpya unayouziwa, uzipime zote mbili. Mizani yoyote ya sokoni inayopimia mahindi au samaki yatosha. Mwuza spea akikataa bidhaa yake ipimwe, nenda duka jingine.

Chuma chenyewe chapasa kuwa chuma cha kusubu cha kijivu, ambacho ndani yake mna vipande vyembamba vya grafiti vinavyopitisha joto na kunyamazisha mlio. Fundi mwenye mashine ya kukereza hukijua mara moja: kikikerezwa hutoa vumbi na chembe fupi zenye kutia weusi vidoleni, wala hakitoi nyuzi ndefu za kujisokota kama zile za chuma cha pua. Watengenezaji wenye ustadi huongeza kaboni ili diski istahimili kupata moto na kupoa mara nyingi bila ya kupasuka, na kwa motakaa nzito ya hapa, diski isiyotobolewa ya chuma chenye kaboni nyingi ndiyo ninayoipendelea kuliko zote.

Kisha itazame diski kwa ukingoni, kwani hapo ndipo ustadi wa msubuji hudhihirika. Kati ya nyuso mbili pana njia ya hewa iliyogawanywa na mbavu. Njia hiyo yapasa kukaa katikati sawasawa. Ikiwa uso mmoja ni mnene na wa pili ni mwembamba, ni dalili kwamba kiini cha kalibu kilisogea wakati chuma kilipomiminwa, na diski ya namna hiyo ikipata moto hutanuka kwa upande mmoja zaidi, ikapinda, hata kama ilitoka dukani ikiwa nyofu. Tia kidole uzipapase mbavu: zisiwe na mabonge ya mchanga wala chuma kilichoziba njia. Walakini, ukiona ukingoni pamekatwa kidogo upande mmoja, usiihesabu kuwa ila, kwani hapo kiwandani walipunguza chuma ili izunguke kwa mizani.

Ziko diski ambazo mbavu zake zimepinda, nazo huvuta hewa kutoka kitovuni na kuisukuma nje gurudumu linapozunguka. Hizi zina upande wa kulia na upande wa kushoto. Ukiitazama iliyokwisha fungwa, mbavu za sehemu ya juu, zikitoka katikati kwenda ukingoni, ziwe zimelalia nyuma ya gari; zikielekea mbele, zimefungwa kinyume, na fedha ulizolipia upepo huo zimepotea. Watu wengi huamua upande kwa kutazama mifuo iliyochorwa usoni, nao hukosea, kwani mbavu ndizo zinazoamua.

Na matundu je? Diski ya breki si jambo la jana: Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili hataza yake mwaka 1902, na Jaguar zenye diski za Dunlop zilishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953. Matundu yalifuata baadaye, kwa sababu pedi za siku hizo zikipata moto zilitoa gesi iliyojitia kati ya pedi na chuma. Pedi za leo hutoa gesi kidogo mno. Faida ya matundu imepungua, lakini madhara yake yapo pale pale, kwani hupunguza chuma, na ufa huanzia kwenye ukingo wa tundu, hasa pale tundu lilipokatwa kwa keekee bila ya kulainishwa mdomo. Kwa anayetoka lami ya Migori akaingia njia ya changarawe, ubaya huongezeka, kwani vijiwe hujitia matunduni na kukwaruza pedi. Mifuo michache ina manufaa zaidi, maana hufagia vumbi na kuondoa utando mgumu usoni mwa pedi, ila huila pedi upesi. Anayekaa upande wa bonde la Lambwe, kwenye udongo mweusi unaonata, na azioshe njia za hewa kwa maji mengi baada ya safari ya masika, diski zikiwa zimepoa, kwani udongo huo ukikaukia ndani huzuia hewa na kuliyumbisha gurudumu.

Alama nazo husomwa. Kwenye kofia ya diski hupigwa herufi MIN TH na unene wa chini unaoruhusiwa kwa milimita. Isiyo na maandishi hayo iache. Diski zilizopimwa kwa Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spea za breki huwa na herufi E katika duara pamoja na nambari ya nchi iliyotoa idhini, 1 ikiwa Ujerumani, 3 Italia na 11 Uingereza. Bidhaa ya Japani yaweza kukosa alama hiyo na bado ikawa bora. Jina kubwa lililochapwa juu ya boksi si ushahidi, kwa kuwa maboksi hughushiwa. Kadhalika nunua kwa nambari ya chasisi, kwani Mark X ya GRX120 si ile ya GRX130, na katika ukoo mmoja gari la lita 2.5 na la lita 3.5 huenda yasiwe na diski za kipimo kimoja. Atakaye diski pana zaidi ajue kwamba upana huongeza nguvu ya kusimamisha kwa kuwa pedi hushika mbali zaidi na kitovu, ila hudai kalipa zake, aghalabu na rimu kubwa zaidi, na akizidisha mbele tu atakuwa ameharibu ulinganifu baina ya mbele na nyuma.

Homa Bay ina unyevu wa ziwa, na diski hupata kutu usiku mmoja. Kutu ya usoni huondoka kwa kufunga breki mara chache, lakini ile ya kofia na ya mbavu hula polepole. Chagua iliyopakwa zinki sehemu hizo.

Unyofu, sifa ya tatu, hupotea zaidi mkononi mwa fundi kuliko kiwandani. Uso wa habu usuguliwe hadi chuma kionekane, kwani chembe ya kutu iliyobaki huilaza diski upande. Kisha ipimwe kwa geji ya saa karibu na ukingo, na mayumbo yasizidi milimita 0.05. Nati zikazwe kwa kupishana, kwa spana ya kipimo, nguvu ya niutoni-mita 103 kwa Toyota nyingi za namna hii. Pedi ziwe mpya. Alfajiri, njia ya Rongo ikiwa tupu, punguza kasi kutoka 80 hadi 30 kama mara 10 bila ya kusimama kabisa, kisha endesha kilomita kadhaa pasipo kugusa breki. Na ukifika kizuizi cha polisi baada ya mteremko mrefu, usiikandamize pedali huku diski zikiwa na moto. Acha gari lisogee kidogo au tumia breki ya mkono, kwani pedi iliyobanwa mahali pamoja huacha alama yake juu ya chuma, na mtetemo unaozaliwa hapo ndio ambao watu huuita diski iliyopinda.